Machozi ya Mtazamaji: Maoni Juu ya Picha Mbili za Kihindi

Kila panapozungumzwa habari za utamaduni wa taifa, iwe katika semina au katika mitihani ya shule, picha za sinema kutoka nje hutiwa katika orodha ya mambo yaliyotudhuru. Huwekwa bega kwa bega na pombe za chupa na suruali za bugaluu. Hatukusudii kuikana hoja hiyo yote. Zipo picha zilizotufunza upuuzi, nasi tulizitazama kwa furaha kubwa. Lakini mhakiki ana wajibu wa kusema kweli juu ya chakula alicholelewa nacho kabla hajaanza kuwachagulia wenziwe cha kula. Sisi tulilelewa Unguja, na masikio yetu yalifunguliwa na Kurani chuoni, na taarabu barazani, na picha za Kihindi. Hata hiyo taarabu ambayo leo ni fahari yetu haikuona haya kwenda kukopa: nyimbo nyingi zilizopendwa katika mwambao zilitungwa kwa mahadhi ya picha za Kihindi, na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijipatia sifa kubwa kwa njia hiyo. Kwa mshairi jambo hili lina kero zake, maana mahadhi ya kigeni mara nyingine huilazimisha mizani ya Kiswahili ichechemee. Hapo tunakubali kuwalaumu watunzi wetu. Lakini kulaumu mkopo si sawa na kudai kwamba haukuwahi kuchukuliwa.

Makala haya yanahusu picha mbili tu, Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Hatukuzichagua kwa kuwa ndizo bora kuliko zote, ingawa wako wengi waliosema hivyo. Tumezichagua kwa sababu zimetufuata tangu utotoni, na kila tulipozirudia zilitukuta tumekuwa watu wengine.

Mother India tuliisikia kabla ya kuiona. Majumba ya sinema ya Unguja yalikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, yaliyojulikana kwa jina la zanana, ambayo yaliwawezesha wanawake wa majumbani kwenda kutazama picha bila ya kuchanganyika na wanaume. Marehemu mama yetu aliiona picha hiyo katika zanana kabla hatujazaliwa. Tulipokuwa wadogo alitusimulia mara nyingi, aghalabu alasiri anapochagua mchele, na kila mara hadithi ilikwenda kwa mpango ule ule. Hakujua Kihindi. Hata hivyo alisema kuwa hakupotea, kwa kuwa kila baada ya muda neno analolijua lilipita mbele yake kama jirani: dunia, wakati, kitabu, insafu. Maneno hayo yamesafiri kutoka Uarabuni kwenda pande zote mbili za bahari, na yeye aliyashika kama mtu ashikavyo kamba gizani.

Katika usimulizi wake, mama alikaa sana juu ya jambo moja ambalo watu wengine hulipita haraka, nalo ni dole gumba. Bibi mmoja kijijini amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mla riba, ili amwoze mwanawe kwa Radha. Bibi huyo hajui kusoma. Anatia dole gumba juu ya karatasi, na baadaye wazee wa kijiji wanaitwa kuamua karatasi inasema nini. Wanaamua kama alivyotaka Sukhilala: robo tatu ya mavuno itakwenda kwake kila mwaka, na hiyo ni faida tu, deni lenyewe liko pale pale. Mama alikuwa akisoma msahafu vizuri kabisa, lakini herufi za Kirumi zilimpiga chenga. Alipofika hapo aliacha mchele, akainua dole gumba lake, akatuonyesha.

Mengine aliyasimulia kwa ufundi lakini kwa kasi. Mume wa Radha anang'oa mawe shambani, jiwe kubwa linamwangukia na kumpondaponda mikono yote miwili. Kwa aibu ya kulishwa na mkewe anaondoka usiku asirudi tena. Gharika inakuja. Watoto wadogo wanakufa. Radha anabaki na wavulana wawili, Ramu mpole na Birju mkali, na analima mwenyewe akijifunga nira shingoni. Birju anakua na kuwa jambazi, anamuua Sukhilala, anavichoma moto vitabu vya madeni, kisha anamteka Rupa, binti wa Sukhilala, siku ya harusi yake. Radha anasimama njiani na bunduki. "Basi," mama alikuwa akimalizia, "Birju akaondoka na farasi wake, akenda zake, na mamake akabaki pale barabarani." Hapo alirudi kwenye mchele.

Tulikuwa na umri wa miaka 11 picha hiyo iliporudiwa katika Sinema ya Majestic, Vuga. Tulikwenda na kaka yetu, tukiwa na njugu mfukoni na fahari moyoni, kwa kuwa tulijua kila kitakachotokea. Tuliwanong'oneza waliokaa karibu nasi kwamba sasa mikono ya yule bwana itapondwa, sasa maji yatakuja, mpaka mzee mmoja akatukemea. Kisha tukafika kwenye ile njia. Birju yuko juu ya farasi, Rupa mbele yake. Radha ameinua bunduki. Birju anamwambia hawezi, yeye ni mama. Radha anamjibu kuwa naye ni mwanamke. Anapiga, na Birju anaanguka.

Hatukuwa tayari. Jumba zima lilitoa sauti moja, nasi tulilia kwa namna ambayo hatukuona haya nayo, kwa sababu kaka yetu alikuwa akilia zaidi. Lakini pamoja na huzuni tulikuwa na hasira, tena hasira hiyo haikuwa juu ya Radha wala juu ya Birju. Ilikuwa juu ya mama yetu. Alituficha. Tuliporudi nyumbani hatukumwuliza, na yeye hakuuliza picha ilikuwaje.

Tuache hapo kidogo tuitazame kazi yenyewe kwa jicho la uhakiki. Mehboob Khan, aliyeiongoza, alikuwa tayari ameshaitengeneza hadithi hiyo mara moja mwaka 1940 kwa jina la Aurat, yaani Mwanamke, na Kanhaiyalal aliyekuwa mla riba katika ile ya kwanza akarudi kuwa mla riba katika ya pili. Nargis, anayeigiza Radha tangu ubiharusi hadi uzee, na Sunil Dutt, anayeigiza mwanawe Birju, walizaliwa wote katika mwezi wa Juni mwaka 1929. Mwaka 1958 watu hao wawili wakaoana. Tunayataja haya ili mwanafunzi apime kazi ya mwigizaji. Msichana asiyetimiza miaka 30 anatembea kwa mgongo wa bibi kizee mbele ya kijana rika lake, nasi hatuoni ila mama na mwana.

Sehemu za mwanzo na mwisho, zenye matrekta na mfereji mpya wa maji unaozinduliwa na Radha mzee, ni hotuba, wala hatuna haja ya kuzikawilia. Kila taifa changa limetengeneza picha za namna hiyo, na letu limo. Nguvu ya Mother India iko katika kitabu cha madeni. Birju hajui kusoma, na ipo sehemu anapojaribu kujifunza ili akifahamu kitabu kinachowala, asiweze. Tangu hapo msomaji makini anajua kuwa mambo yatakwisha vibaya, kwa sababu mtu asiyeweza kukisoma kitabu kinachomtawala amebakiwa na njia moja tu, kukichoma. Walimu waliofundisha elimu ya watu wazima katika miaka ya 1970 watakumbuka wanafunzi wao wazee waliokuja darasani si kwa kupenda hadithi bali kwa kutaka kujua mizani ya karani inasema nini. Hao wangeielewa picha hii bila ya mkalimani.

Awaara tuliipata kwa njia nyingine, yaani televisheni. Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema katika miaka ya 1970, tena ikiwa ya rangi, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Jirani yetu mmoja alikuwa na chombo hicho, na usiku watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwake hadi dirishani. Awaara ni picha isiyo na rangi. Mzee wetu huyo, aliyejivunia rangi za televisheni yake kama mtu ajivuniavyo wanawe, hakulikubali jambo hilo. Alisimama mara kwa mara kuzungusha vifundo na kukipiga chombo ubavuni, hata nusu saa ya kwanza ya picha tuliitazama kupitia kanzu yake.

Picha hiyo imejengwa juu ya methali yetu. Hatusemi kwamba mwandishi wake, Khwaja Ahmad Abbas, alijua Kiswahili; tunasema kwamba ubishi wake ni ule ule tunaoufanya sisi kila siku. Jaji Raghunath anaamini kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo alimfunga Jagga bila ya kosa, kwa sababu tu babake Jagga alikuwa mhalifu. Jagga anatoka kifungoni akiwa jambazi wa kweli, na kwa kisasi anamteka mke wa jaji, kisha anamrudisha akiwa mjamzito. Jaji anamshuku mkewe, anamfukuza usiku wa mvua, na mtoto anazaliwa njiani. Wahindi wanapoitazama sehemu hiyo humkumbuka Sita wa Ramayana, na picha yenyewe inawakumbusha. Mtoto huyo, Raju, analelewa katika mtaa wa maskini, anafukuzwa shule, anaiba mkate kwa ajili ya mamake mgonjwa, anafungwa, na gerezani anapewa mkate ule ule alioukosa nje. Jagga anamlea katika wizi ili amthibitishie jaji kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hizi ni methali mbili zilizopambana, na mtazamaji wa Kiswahili anakaa katikati yake kama mtu anayewasikiliza wazee wawili wa ukoo mmoja.

Kesi inaposikilizwa, Raj Kapoor, ambaye ndiye mwongozaji na ndiye Raju, anasimama mbele ya Prithviraj Kapoor, babake wa kweli, anayeigiza jaji Raghunath. Na jaji anayeisikiliza kesi hiyo katika kiti cha mahakama ni babake Prithviraj. Vizazi vitatu vya nyumba moja vinabishana katika chumba kimoja iwapo damu ni kitu au si kitu. Hatujui mfano mwingine wa mzaha mkubwa kama huo uliofanywa kwa nyuso makini kiasi hicho.

Hata hivyo Awaara ina dosari, nazo hazipasi kufunikwa kwa sababu ya mapenzi. Kwanza, Raju anampiga kofi Rita, msichana ampendaye, naye Rita anazidi kumpenda. Tulipokuwa vijana hatukuliona jambo hilo. Sasa tunaliona, na mwalimu atakayeionyesha picha hii akalipita kimya atakuwa amelifundisha. Pili, hoja yenyewe ina tundu. Ikiwa Raju ana moyo mwema chini ya matambara yake, mtu wa "mtoto wa nyoka" atasema: bila shaka, si mtoto wa jaji! Hoja ingekuwa na nguvu zaidi lau picha ingemfuata Jagga, ambaye ndiye aliyedhulumiwa kwanza na ndiye ushahidi halisi kwamba hukumu mbaya huzaa mhalifu. Lakini Jagga ndiye adui, na adui katika picha za Kihindi hafuatwi nyumbani kwake.

Turudi kwa Radha. Katika ujana wetu, tulipoingia utumishi wa serikali, tuliigeuza ile hasira ya utoto kuwa sifa. Tuliwaambia wenzetu kwamba Radha ni mfano wa kiongozi: hakupendelea damu yake, aliiweka heshima ya kijiji mbele. Tuliwahi hata kuitungia tenzi fupi ambayo, kwa bahati njema, ilipotea.

Kisha mwaka mmoja tuliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya kuchunguza upotevu wa fedha za umma. Mmoja wa watuhumiwa alikuwa mtoto wa dada yetu. Tuliutangaza undugu huo mbele ya kamati, tukaomba kutoka. Tukajibiwa kwamba wajumbe hawatatosha, tubaki. Tukabaki. Ushahidi ulikuwa wazi, na pendekezo la kumwachisha kazi lilikuwa la haki. Tulitia saini. Dada yetu hakusema nasi kwa miaka miwili.

Usiku ule wa saini tulimkumbuka Radha, tukitaraji kupata faraja kwake, na hatukuipata. Radha alipiga kwa mkono wake mwenyewe, akamkimbilia mwanawe, akampakata mpaka roho ikatoka. Sisi tulitia saini kwa kalamu ya ofisi, tukarudi nyumbani, tukakuta samaki amekwisha kukaangwa. Ndipo tulipoanza kuiuliza picha swali ambalo hatukuwahi kuiuliza. Heshima anayoilinda Radha ni ya kijiji gani? Ni kile kile ambacho wazee wake walikaa barazani wakaamua kwamba dole gumba la mama mkwe wake litazamwe kwa macho ya Sukhilala. Waliona deni likikua miaka yote, hawakusema neno. Mwishowe aliyedhulumiwa na kijiji ndiye anayekilipia kijiji, tena kwa mwanawe. Mehboob Khan amelisikia swali hili, kwa maana maji ya mfereji yanapofunguliwa mwishoni yanageuka mekundu kama damu mbele ya macho ya Radha. Lakini baada ya kitambo yanatakata, na picha inakwisha. Kwa maoni yetu yametakata mapema mno.

Hatimaye tulimwuliza mama. Alikuwa mzee sana wakati huo, amelala kitandani, na sisi wenyewe tulikuwa na mvi. Tulimwuliza kwa nini alituficha kwamba Radha alimpiga risasi Birju. Alitutazama kwa mshangao.

"Sikukuficheni kitu, mwanangu. Mimi sikuiona."

Tukamwambia haiwezekani, alikuwepo mpaka mwisho.

"Nilikuwepo. Alipoinua ile bunduki nilijifunika buibui usoni. Sote tulijifunika, mstari mzima. Nilisikia mlio. Lakini kuona sikuona, na nisichokiona sikihadithii."

Tukamwuliza habari za farasi, kwamba Birju alikwenda zake. Hilo, alisema, alidhani. Maana alipojifunua, farasi hakuwepo tena.

Tumefundishwa kwamba uhakiki huanzia katika vitabu vya nadharia, nasi tunaviheshimu, ingawa elimu yetu ya sekondari haikutufikisha mbali katika vitabu hivyo. Lakini buibui lile lilikuwa uhakiki. Mstari mzima wa wanawake wa Unguja, wasiojua Kihindi, uliifikia sehemu ile ya picha ukaikataa, bila ya kutoka nje na bila ya kupiga kelele. Mwongozaji alikuwa na hoja yake, nao walikuwa na yao. Yeyote anayedai kwamba watazamaji wetu walikuwa wakimeza tu kila walichopewa na wageni, na aueleze mstari huo.

Kwa sababu hiyo tumekuwa tukiwashauri walimu wa Kiswahili walio rafiki zetu kwamba wasianze kwa kuwauliza wanafunzi mafunzo ya picha. Wawaache waisimulie kwanza, kwa Kiswahili, bila ya daftari, kisha watazame kila mmoja ameacha nini. Mwalimu mmoja alijaribu kwa Mother India katika kidato cha tatu, akatuletea kazi za wanafunzi wake tuzisome. Wavulana wengi walikuwa wamesimulia farasi na moto. Wasichana kadhaa waliandika juu ya mikono ya mume. Mmoja wao aliandika karatasi nzima juu ya Rupa, binti wa mla riba. Alisema babake ameuawa muda huo huo, yeye ametekwa akiwa na nguo za harusi, risasi inapigwa kwa ajili ya heshima yake, na baada ya hapo watu wote wanamkimbilia Birju, wala hakuna anayemwuliza Rupa kama ameumia. Akauliza alirudi nyumbani na nani.

Tumeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ilitubidi tuirudie tena wiki ile ile, tukitafuta Rupa alirudi na nani.